Kadi Mbili za Mzee Etyang

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Paulinus Olinga, Padre wetu, Matroni Akiror, wageni waalikwa kutoka Busia, Malaba na Chakol, wafanyakazi wenzangu, na zaidi ya wote wewe, Mzee Etyang, pamoja na familia yako: hamjambo.

Mimi ni Daktari Benta Wesonga, msomaji wa picha za eksirei katika hospitali hii kwa mwaka wa tisa sasa. Nimeombwa nimuage fundi wetu wa kompyuta, anayestaafu leo. Ningeweza kuwatajia printa alizozifufua hadi jioni. Nitazungumzia juma moja tu, la mwaka juzi.

Mnakumbuka tulipopata chumba kipya cha kusomea picha? Kilihitaji kompyuta moja ya kuendesha skrini nne: mbili za kawaida, za orodha na ripoti, na mbili kubwa za kuonyesha picha zenyewe kwa undani. Ilibaki kuchagua kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora kila tunachokiona kwenye skrini. Kamati, nami nikiwemo, iliipenda kadi ya wacheza michezo ya video. Ilikuwa na kasi, ilikuwa na sifa, na ile nyingine, ya kazi za kitaalamu, bei yake ilikuwa karibu mara tatu. Nani angetulaumu? Mzee Etyang hakubishana nasi. Aliomba tu aletewe zote mbili azijaribu kwa siku tano.

Alizifunga kwa zamu kwenye mashine ileile, akafungua picha zilezile za zamani. Kadi ya kwanza ilikuwa hodari kwa skrini moja. Ilipobebeshwa zote nne, skrini moja kubwa ilipungukiwa na nukta zile ndogo zinazounda picha, na vivuli vya kijivu vinavyokaribiana vikawa rangi moja. Ya pili haikuwa na mbio hizo, lakini ilizipa skrini zote nukta zake kamili, na kila kivuli kikajitenga na mwenzake.

Siku ya nne alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Daktari," alisema, "mimi si mtu wa mapafu. Lakini kwa kadi hii naona kitu, na kwa ile sikioni. Njoo uangalie mwenyewe."

Nilikwenda. Chini ya mtulinga wa kulia palikuwa na kivuli kidogo kama punje ya mtama. Nikatazama jina: Zilpa Mugeni, wakala wa forodha pale Malaba, aliyekuja na kikohozi wiki sita nyuma. Nikatazama ripoti iliyosema mapafu yake ni safi. Saini ilikuwa yangu.

 Nilimuuliza Mzee Etyang kama amemwonyesha mtu mwingine. Akasema hapana, kisha akaongeza polepole, "Hii ni yako kusema, Daktari. Lakini isemwe leo."

Nikasema siku hiyohiyo. Nilianza na mkurugenzi, kisha nikampigia Mama Zilpa simu mwenyewe. Vipimo vilionyesha kifua kikuu, kikiwa bado mwanzoni. Alimeza dawa miezi sita, akapona. Ameniruhusu nimtaje, naye ameketi pale safu ya tatu. Nilipomwambia kwamba nilikosea, alisema, "Ningeambiwa na mtu mwingine, nisingerudi hapa."

Kadi ya pili ilinunuliwa. Nikaomba kuzisoma upya picha zote nilizokuwa nimezisoma miezi ile iliyotangulia, mia tatu na arobaini. Mzee Etyang alikuwa ameshaandikiwa likizo ya kwenda kuvuna mihogo yake Chakol. Aliiahirisha, akaketi kando yangu siku kumi na moja, akihakikisha kila skrini inaonyesha inavyopaswa. Tuliwaita wagonjwa wengine wawili. Wote wawili wako hai.

Ndugu zangu, fundi huyu angeweza kuandika mistari miwili kuhusu kasi na bei, akaenda zake nyumbani. Ni nani kati yetu angejua?

Mzee Etyang, sijawahi kukushukuru mbele ya watu, kwa sababu kukushukuru kulimaanisha kulitaja kosa langu. Leo nimelitaja. Asante, Mzee.

Nanyi nyote mlionisikiliza kwa utulivu huu, nawashukuru.