Gambuti za Mama Melkiadi na Sheria ya Kumsemea Jirani

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bi. Gaudiosa Paskasi, Afisa Mipango wa halmashauri yetu, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Wanaomfahamu hawakushangaa kusikia kwamba ataondoka siku ileile mwaka wa fedha unapofungwa. Mtu aliyetukatalia maisha yote kuvusha kiporo cha fedha kwenda mwaka unaofuata asingekubali avushwe yeye.

Kwa kawaida ya jarida hili, wasifu wa anayestaafu huandikwa na rafiki yake. Mama Melkiadi, kama tunavyomwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikataa. Rafiki, alisema, atasifu tu. Akaagiza atafutwe mtu aliyemlalamikia kuliko wote, na jina la mhasibu wa bajeti likatajwa na ofisi nzima kwa haraka ambayo bado inaniuma. Basi nivumilieni.

Alianza kazi akiwa msaidizi wa mipango, amepewa pikipiki iliyosukumwa zaidi ya ilivyopandwa. Kwa pikipiki hiyo, na kwa miguu ilipogoma, aliizunguka Bonga, Mutuka, Maisaka na miji midogo ya pembezoni ambayo hadi leo tunashirikiana nayo mnada, maji na dampo. Wenzake walipanda vyeo wakahamia kwenye ofisi zenye viyoyozi. Yeye akabaki Babati, akapanda polepole, mpaka akafika kwenye kiti cha kuongoza kikao cha vipaumbele. Hapo ndipo taabu zetu zilipoanza.

Asiyekijua kikao cha vipaumbele ashukuru. Ni pale wajumbe wa kata na wa miji midogo wanapokaa kugawana fedha kidogo ya maendeleo kabla bajeti haijaandikwa. Zamani kila mjumbe alisimama kuomba cha kwao, akapaza sauti, akapiga meza, na sisi ili tuwahi nyumbani tukawapa wote kidogo kidogo. Mwaka mmoja tulifanikiwa kujenga nusu ya kila kitu. Nusu ya mfereji Maisaka, nusu ya choo Bonga, na Mutuka zahanati yenye kuta, lenta na mbuzi, lakini haina paa. Mama Melkiadi alizikagua nusu zote hizo moja baada ya nyingine, akarudi amenuna. Kikao kilichofuata akatangaza sheria yake: hakuna kuomba cha kwenu. Kila mjumbe atapewa eneo la jirani, ataenda kuliona, kisha atasimama kulisemea hilo tu. La kwako litasemwa na mwenzio.

Tulidhani ni utani. Haukuwa.

Kikao kilichokuwa cha asubuhi moja kikawa cha kutwa. Mjumbe akisema jirani wanahitaji maji, aliulizwa sasa hivi wanachota wapi, nani anachota, na ndoo inakuja kwa kichwa au kwa punda. Asiyejua alirudishwa akaone. Chai ilizuiwa mlangoni mpaka msemaji wa mwisho amalize, na mwandishi huyu, ambaye daktari alikuwa ameshamshauri apunguze mwili, alipungua kwa gharama ya serikali. Mwaka mmoja Bi. Dorika, mjumbe wa Mutuka, aliisemea Maisaka kwa ufasaha mpaka fedha ikaenda yote kwenye mfereji wao, na kwao Mutuka hakuna aliyemsalimu kanisani hadi Pasaka. Alikuja ofisini kwangu kuniambia anaacha ujumbe. Nilimwunga mkono kwa moyo wote, nikamwambia kwenye barua aandike na jina langu.

Mwaka uliofuata mjumbe wa Maisaka, aliyekuwa amekwenda Mutuka kwa shingo upande, alisimama akaeleza wajawazito wanavyopimwa chini ya turubai, kando ya jengo lililokosa paa tu. Fedha ikaenda kwenye paa. Mbuzi wakahama. Siku hizi Bi. Dorika anaamkiwa na watu asiowajua. Nami, kwa shingo upande ileile, sina budi kuandika kwamba tangu sheria ile hatujajenga tena nusu ya kitu.

Lakini sheria ilikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe lilikuwa Gijeda.

Gijeda ni mji mdogo ulio mbele ya Bonga, na huko ndiko anakoishi Mama Melkiadi. Kuisemea walipewa Bonga, maana yake Mzee Wilbroad, mjumbe mkongwe, mtu wa watu na mpenzi mkubwa wa nyama ya mbuzi. Mzee Wilbroad aliitii sheria. Kila mwaka alikwenda Gijeda kuona kwa macho yake, na kila mwaka alichagua siku ya mnada wakati wa kiangazi. Sasa mnada wa Gijeda uko upande huu wa korongo, jirani na barabara. Nyumba za watu ziko ng'ambo. Kiangazi korongo hilo ni mchanga mkavu, unaweza kulipita bila kujua umepita kitu. Mzee alikula, akatazama huku na huku, akarudi na mahitaji ya mnada. Gijeda wakapata banda la mnadani. Wakapata la pili. Wakapata choo, kisha tangi, kisha taa. Sidhani kama kuna mbuzi wengine wanaochomwa kwenye mwanga mzuri kama ule.

Mama Melkiadi aliyaandika yote hayo bila uso kubadilika. Na kila msimu wa mvua, chini ya meza yake kulikuwa na gambuti zenye matope. Ofisi nzima iliamini ana shamba la mpunga. Nilimuuliza mara nyingi mchele utatoka lini, naye kila mara alinijibu kwamba bado, akaendelea na kazi.

Kikao cha mwaka huu, cha mwisho kwake, kiliangukia asubuhi iliyofuata mvua kubwa. Ukumbi ukajaa, wajumbe wakaketi, mwenyekiti hayupo. Tulipompigia simu alisema kwa utulivu kwamba anasubiri maji yapungue. Maji gani, tukaulizana. Mzee Wilbroad alikasirika. Alisema mtu huyu ametushindisha na njaa miaka yote, na hata siku ya kutuaga bado anatutesa. Akamwamuru dereva wetu, Msafiri, awashe gari, nami nikapakiwa kama shahidi.

Tulipita banda la kwanza, la pili, choo, tangi na taa, ambazo zilikuwa zinawaka mchana kweupe. Nyuma ya hapo, mahali Mzee alipozoea kutupia mifupa, kulikuwa na mto. Maji mekundu, yanakokota magogo. Ng'ambo alikuwa amesimama Mama Melkiadi, gambuti miguuni, mkoba kichwani. Watoto wa shule walikuwa wamekaa juu ya mawe kama watu waliozoea kusubiri. Mwanamke mjamzito alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kliniki yake iko upande wetu.

Mzee Wilbroad aliyatazama maji. Akageuka, akayatazama mabanda. Kisha akapaza sauti ivuke:

"Mama Melkiadi, miaka yote hii, mbona hukusema?"

"Haikuwa zamu yangu kusema, mzee. Ilikuwa yako."

Msafiri akazima gari, tukasubiri maji yapungue.

Mama Melkiadi alivuka mchana, akabadili viatu, akaongoza kikao kama kawaida. Zamu ya Gijeda ilipofika, Mzee Wilbroad alisimama, na kwa mara ya kwanza hakutaja mnada. Alilieleza korongo, akawaeleza watoto, akaieleza ile ndoo iliyogeuzwa, akaomba kivuko cha waenda kwa miguu. Ukumbi ulikuwa umeshainua mikono kupiga makofi. Mama Melkiadi akauliza kama watu wa Gijeda watachangia mawe na mchanga. Mzee hakujua. Basi akamrudisha akaulize.

Ndugu wasomaji, nilitamani kulala juu ya meza. Kivuko cha kwao mwenyewe, kikao chake cha mwisho, na bado anamrudisha mtu. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba safari hii, walau hii, angelegeza. Alinijibu kwamba Maisaka walirudishwa, Mutuka walirudishwa, na Gijeda ni nani hasa.

Mzee Wilbroad alirudi Gijeda siku isiyo ya mnada, kwa miguu, akavuka mwenyewe. Nasikia aliteleza mara moja na akakataa kushikwa mkono. Wenyeji walimpa uji, wakamuahidi mawe, mchanga na nguvu kazi. Kivuko kimeingia kwenye bajeti. Chote, si nusu.

Ujenzi utaanza Julai, mwaka mpya wa fedha ukifunguliwa. Yaani mwenyewe akiwa ameshaondoka. Amevuka maji yale miaka yote ili aje kutulazimisha tusikilizane, na kivuko kikikamilika hatakuwa na ofisi ya kuja. Nilimweleza hivyo kwa hasira, maana mtu lazima amkasirikie mwenzake wakati mwenyewe hataki kukasirika. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekosea kujumlisha, akaniambia watoto bado wana shule.

Sheria yake inaendelea. Ameiacha kwa mrithi wake pamoja na orodha ya nani atamsemea nani. Kabla hajafunga faili, mwandishi huyu alimwomba jambo moja dogo, kwamba kuanzia mwakani chai iingie mapema. Aliniambia hilo ni ombi langu mwenyewe, kwa hiyo halipokelewi.

Sasa, Mama Melkiadi, kwa sheria hiyohiyo na wewe huwezi kujisemea. Zamu ni yetu. Tunasema: mafao yako yafike kabla hujachoka kuyauliza. Mahindi yako yakubali, na mpunga ule tuliokupandia sisi midomoni utusamehe. Magoti yasahau matope. Tunakushukuru kwa kutuchosha, maana tulipochoka ndipo tulipomaliza vitu. Uishi vema na uishi sana. Na siku kivuko kikifunguliwa, vaa viatu vya kanisani, uvuke polepole. Tutakuwa upande huu tunakusubiri, Mzee Wilbroad akiwa mbele, na chai itakuwa imeshaingia.