Mwalimu Asiyekata Jina

Mwalimu Agneta Nabwire anastaafu Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba 2025, siku anayotimiza miaka sitini. Amefundisha kwa miaka thelathini na sita na miezi minne, yote katika Shule ya Msingi Mwachingo, hapa Likoni. Kati ya miaka hiyo, ishirini na tisa meza yangu imetazamana na yake kwenye chumba cha walimu. Ndiyo maana kamati imenipa mimi, naibu mwalimu mkuu, kazi ya kuandika wasifu huu. Nadhani pia waliniona nina deni la maneno kwake, na hapo hawakukosea.

Alishuka Likoni mwezi wa Mei 1989 akiwa na sanduku la bati, mwavuli, na nia ya kukaa miaka miwili tu, kisha aombe uhamisho arudi kwao Bumala, Busia. Kiswahili alikuwa nacho, lakini kilikuwa cha mtihani. Akienda dukani kununua sukari, watoto walimfuata nyuma kwa hamu ya kusikia ataiombaje.

Asubuhi yake ya kwanza darasani alifungua rejista akaanza kuita majina. Chuoni alifundishwa kwamba mtoto akiitwa hujibu "present", kwa Kiingereza, basi. Alipomwita msichana mmoja, Mwanatabu, mtoto akasimama, akainamisha kichwa, akasema "Abee." Mwalimu hakuwahi kulisikia neno hilo maishani mwake. Alidhani anafanyiwa kejeli. Akamtoa nje, na mtoto akasimama barazani mpaka wakati wa mapumziko.

Kesho yake alikuja bibi yake Mwanatabu. Bibi wa Likoni hagombi kabla ya kusalimu, kwa hivyo alianza kwa kumjulia hali mwalimu, wazazi wake, safari yake na chakula alichokula usiku. Walipomaliza hayo ndipo aliposema: "Mwalimu, huyu nimemlea mimi. Aitwapo na mkubwa wake huitika abee. Kuitwa ukanyamaza ndiyo ufedhuli. Sasa wewe wamtoa nje kwa adabu yake?"

Mwalimu Agneta alimwomba radhi bibi. Kisha akamwita Mwanatabu mbele ya darasa zima, akamwomba radhi na yeye. Walimu wa wakati ule hawakuwa na mazoea ya kuwaomba watoto radhi, na wenzake walimsema wiki nzima.

Tangu siku hiyo, kila mtoto wa darasa lake huitika vile anavyoitika kwao. Wasichana wa Mtongwe husema abee, wavulana labeka, na watoto wa bara hujibu wanavyojua. Nilipofanywa naibu nilijaribu kulikomesha jambo hili, maana mimi ni mtu wa taratibu na sioni aibu kusema hivyo. Kilichonichokoza ni Brandon, mtoto aliyehamia kutoka Nairobi, ambaye siku ya kwanza alijibu, "Niko area, ticha." Nililalamika. Mwalimu Agneta akaniambia, "Mwalimu Lewa, mwache aingie na alichokuja nacho. Akishakaa, mengine atayaokota." Muhula ulipokwisha, Brandon alikuwa anaitika labeka, ingawa kwa lafudhi ambayo bado inanichekesha.

Turudi kwenye uhamisho. Aliuomba mara tatu, na mara tatu barua zikapotea njiani. Ombi la nne lilikubaliwa mwaka wa 1997, na majibu yalimfikia mwezi ule ule wa Agosti ghasia zilipoingia Likoni na watu wa bara wakaambiwa warudi kwao. Alilala kanisani siku sita. Kisha akapanda basi kwenda Bumala na nguo alizovaa, sanduku lake akaliacha shuleni.

Shule zilipofunguliwa Septemba, nilipewa darasa lake la tano. Nilikuwa nimefundisha mwaka mmoja tu. Madawati kumi na moja yalikuwa matupu, na waliobaki walikuwa karibu wote watoto wa wenyeji. Kabla sijaita jina la kwanza, mvulana aitwaye Tinga akasimama. "Mwalimu, aanze kuitwa mwalimu wetu." Nikamwita ili kuwaridhisha. Darasa zima likajibu kwa pamoja: "Hayupo, tunamngoja."

Nilitaraji watachoka. Walijibu hivyo kila asubuhi kwa wiki tano.

Katikati ya Oktoba alikuja kuchukua sanduku lake, barua ya uhamisho ikiwa mkobani. Alifika saa ya kuita majina, akasimama barazani nje ya mlango, na akasikia. Watoto hawakumwona, mimi nilimwona. Aliketi kwenye ngazi akalia hadi nikapoteza mstari niliokuwa nikiusoma. Baadaye aliingia, akaichukua rejista mkononi mwangu bila kunisalimu, akaanza kuita majina ya wale kumi na mmoja. Kwa kila jina, darasa likajibu vile lilivyokuwa likimjibia yeye. Saba kati yao walirudi kabla ya mwaka kwisha. Barua ya uhamisho sijui aliipeleka wapi, na sanduku la bati sasa ndimo tunamoweka mipira ya netiboli.

Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ya darasa la Mwalimu Agneta: asiyekuwapo huitwa, na wenzake humjibia. Jina halikatwi. Sheria ya shule ilisema jingine, kwamba mtoto akikosekana muda mrefu aondolewe kwenye rejista. Mwaka wa 2010 sheria hizo mbili ziligongana, na mimi nilikuwa upande usiofaa.

Jalila Hassan alikuwa nambari thelathini na moja katika darasa la sita. Mwezi wa Machi mamake alipatwa na kiharusi, na kwa kuwa Jalila ndiye mkubwa kwao, akabaki nyumbani kumuuguza na kuwalea wadogo zake. Mwalimu alikwenda kwao mara tatu, na mara zote mtoto alijificha jikoni. Alikuwa akiona haya kwamba wenzake wamemwacha mbali. Mwezi wa Septemba tukaarifiwa kwamba wakaguzi watakuja. Rejista ya darasa la sita ilikuwa na mtu ambaye hakuonekana tangu Machi. Nilimwambia Mwalimu Agneta alikate jina, hakulikata. Basi watu walipokuwa paredi ya asubuhi nikaingia darasani na kalamu nyekundu, nikalikata mwenyewe.

Aliifungua rejista, akauona ule mstari. Aliita majina moja baada ya jingine, na alipofika thelathini na moja akalisoma chini ya wino wangu, kwa sauti yake ile ile. "Jalila Hassan." Watoto wakajibu, "Hayupo, tunamngoja." Nilikuwa barazani, na moyo wangu ulinisuta papo hapo. Ningependa kuandika kwamba niliingia nikaomba radhi. Sikuingia.

Jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria ni ukuta. Kwao Jalila ni nyuma tu ya ukuta wa shule, na madirisha yetu hayana vioo. Miezi yote hiyo, akiosha masufuria uani, alikuwa akisikia anavyoitwa na mwalimu wake, na wenzake wakimjibia. Siku tatu baada ya mimi kulikata jina, Mwalimu Agneta aliita, na kabla watoto hawajafungua vinywa, sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta. "Abee."

Watoto wakageukia dirisha. Mwalimu akaweka alama ya kuhudhuria mbele ya jina lililokatwa, akaendelea na thelathini na mbili. Adhuhuri alikwenda kwa majirani, akapanga nao zamu za kukaa na mgonjwa asubuhi. Jumatatu Jalila akaketi kwenye dawati lake. Alipoulizwa kilichomtoa, alisema, "Kila siku mkubwa wangu aniita, nami kimya. Mwisho niliona haya zaidi kutoitika." Leo Jalila ni fundi cherehani, na ndiye anayeshona sare za shule yetu. Gauni atakalovaa mwalimu Ijumaa ameshona yeye.

Mwalimu Agneta sasa anarudi Bumala kwa hiari yake. Mamake ana miaka tisini na miwili na anamhitaji. Ana wasiwasi kwamba huko watamcheka kwa Kiswahili chake cha pwani, na ni kweli, watamcheka. Ajue tu kwamba sisi tulimcheka kwanza.

Darasa lake la Gredi ya Nne litachukuliwa na Mwalimu Emmaculate. Juzi watoto waliniletea ombi ofisini, wakitaka jina liongezwe mwisho wa rejista, nambari arubaini na nne. Utaratibu hauruhusu kabisa. Nimeliandika mwenyewe, kwa wino wa buluu: Agneta Nabwire.

Asante, mwalimu, kwa watoto uliowapa pahali pa kurudi, na kwa sisi wakubwa uliotufundisha bila kutuaibisha. Nakuomba radhi kwa mstari ule mwekundu, nimechelewa miaka kumi na mitano. Tunakuombea afya, utulivu na siku nyingi pamoja na mama. Kuanzia Jumatatu utaitwa hapa kila asubuhi, na watoto wanajua la kujibu. Bumala ni mbali, sauti zetu hazitafika. Basi siku utakapopata nafasi, panda basi, uje uitike mwenyewe.