Mama Kola na Krimu ya Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyejulikana kwa jina la Mama Kola. Ametutoka wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Nguo zake zote zilikuwa na kola ndefu, jua liwake, mvua inyeshe. Mteja akimtania, alijibu, "Shingo yangu ina aibu, mwenzangu. Hebu geuka nikupime kiuno."

Shingo ile iliungua utotoni. Mdogo wake wa kiume alivuta waya wa birika, maji ya moto yakammwagikia dada yake. Hakuna aliyemlaumu, alikuwa mtoto. Yeye ndiye hakujisamehe. Alipokua akapata kazi, na kazi yenyewe duka la dawa. Basi kila akija kumtembelea dada yake, mfukoni ana kitu: mafuta ya mgando, jeli ya makovu, vipande vya silikoni vya kubandika. Dada mtu anainama, anapakwa. "Mimi kovu halinisumbui," alimwambia bintiye. "Namwachia apake ili roho yake itulie."

Lakini kovu halikuondoka, na mdogo mtu akakosa subira. Akaleta krimu kali ya kung'arisha ngozi. Ngozi ikababuka, ikatoka vidonda. Mama Kola akafunga kifungo cha juu, akamwambia, "Imenisaidia." Masikini, akaamini. Akaanza kuwauzia wenye makovu krimu hiyo hiyo, huku akiapa, "Dada yangu kapona kwa hii."

Binti anasimulia: "Mama alizisikia habari hizo kwa mteja. Aliacha gauni la watu kwenye cherehani, akaenda."

Duka lilikuwa limejaa. Mama Kola, mwanamke mwenye haya zake, akafungua vifungo mbele ya wote.

"Tazama," akasema. "Nilikudanganya, kosa langu. Sasa watafute uliowauzia, uwaambie."

Mdogo wake aliiondoa krimu rafuni. Wateja hakuwatafuta. Aliona aibu, aibu ikageuka hasira, akakata mguu kwa dada yake. Mama Kola alikuwa akimpigia simu, swali lake ni lile lile: "Umewaambia?"

"Bado, dada."

Ikawa bado, bado, mpaka mauti yakamchukua.

Wasikilizaji, mdogo wake yuko hapa studio, ameketi mbele yangu. Nimemwomba amsifu dada yake, amesema hana uso wa kufanya hivyo. Ameniomba nisome maneno haya: "Mlionunua kwangu krimu ya makovu, acheni kuipaka. Nendeni mkaonwe na daktari. Dada yangu hakupona. Nilijua, nikanyamaza."

Poleni sana wafiwa. Pole binti, mama yako alikuwa mtu kweli. Nasi tujiulize, ni nani tunayemwambia "bado"?

Sasa hivi mdogo wake ametoa simu mfukoni. Anatafuta namba ya dada yake, amwambie ameshasema.

Fundi mitambo, tuwekee muziki, tafadhali.