Mfumo Uliomtambua Peninah

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mchungaji Okia, madaktari na wauguzi wa zahanati zetu mbili, ya Busia na ya Tororo, ndugu wageni waalikwa, na zaidi ya wote wewe, Mama Winfred Athieno, mkuu wetu wa masjala tunayemuaga leo: hamjambo?

Asubuhi nilipokuwa nakuja, ukungu ulikuwa umeuzunguka mwamba wa Tororo hata ukaonekana kama unaelea, na malori barabarani yalisimama kimya utadhani nayo yamesinzia. Nikajiuliza: ni wangapi wanaovuka mpaka huu wa Kenya na Uganda kila siku wakiitwa jina moja kule na jina jingine huku?

Mmoja wao ni Peninah Nasirumbi, anayeleta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Busia kuuza soko la hapa. Ameketi pale mbele, na ameniruhusu nisimulie yaliyompata. Siku moja wachuuzi wenzake walimleta kwetu akiwa mjamzito, homa imempanda hata hawezi kusema. Daktari akauliza: ni dawa gani inayomdhuru? Jibu lilikuwa Busia, ndani ya faili la karatasi lililoandikwa Mama Elvis, kwa jina la mwanawe wa kwanza, nasi tulikuwa tunamtafuta Nasirumbi. Lilipopatikana, jua lilikuwa limezama. Peninah alipona. Mtoto hakupona.

Tangu hapo Mama Winfred alibadilika. Ungemkuta amesimama katikati ya rafu, mvua ikinong'ona juu ya mabati, kiganja chake kimetulia juu ya mafaili kama anayesikiliza watu wakipumua ndani yake. Bodi ilipoamua tununue mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi nyaraka zetu zote, kamati alikabidhiwa yeye, nami nikawa katibu wake. Makampuni yakaja na picha za rangi za kumulika ukutani na maneno matamu, nasi tukakodolea ukuta macho kama walio ndotoni. Nani asiyependa kitu kizuri?

Ndipo Mama Winfred alipokwenda sokoni, akamwomba Peninah aje akae kiti cha mbele.

"Huyu ndiyo mtihani," akawaambia wageni. "Tafuteni yeye."

Kampuni ya kwanza ilitafuta katika nakala za majaribio tulizowapa, ikaleta akina Peninah tele. Mwenyewe akawatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Hawa wote si mimi."

Kampuni ya pili, yenye mfumo uliopendeza kuliko yote, ilimpata papo hapo. Picha yake iling'aa ukutani pamoja na historia yake yote, na ukumbi ukapiga makofi. Peninah hakupiga. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Na mlinzi wa getini akibonyeza hapo, ataona nilipoteza mtoto?"

Kijana wa kampuni akajibu, "Kwa sasa ndiyo, mama. Kila anayeingia anaona."

Mfumo wa mwisho ulikuwa na rangi ya majivu, hauna mapambo. Aliyeuleta, Sandra Imalingat, aliunganisha Mama Elvis na Nasirumbi wakawa mtu mmoja, kisha akatuonyesha kwamba mlinzi akijaribu kulifungua faili, linakataa. Umeme ukakatika, kama ilivyo desturi yetu. Kompyuta yake ikaendelea kwa betri, bila intaneti. Mama Winfred akauliza, "Siku tunataka kuachana na nyinyi, tunatoka na faili zetu?"

"Zote, mama. Ni zenu."

Hata hivyo wafadhili wa zahanati waliutaka ule mzuri, na walikuwa na neno zito. Mama Winfred akasimama mbele yao. "Huyu mama ameogopa," alisema. "Mimi siwezi kuweka sahihi kwa kitu anaogopa. Kama mnataka hiyo, tafuteni mkuu wa masjala mwingine."

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakumbuka ulichofanya. Ulimgeukia Peninah, wala si wafadhili, ukamuuliza, "Dada, wewe ungechagua upi?" Naye akaunyooshea kidole ule wa majivu. Je, kuna uamuzi tuliowahi kuufanya kwa heshima kuliko huo?

Msimu huu wa mvua, uchungu ulimshika Peninah hapa hapa Tororo. Bodaboda ilimfikisha ameishiwa sauti. Muuguzi wetu Emmy aliandika jina moja tu, na kabla mgonjwa hajapanda kitandani, faili lilikuwa wazi. Peninah ananiambia yote aliyasikia kwa mbali, kama mtu anayeota amefika nyumbani: mkono ukamshika, na sauti ikasema, "Karibu, Peninah. Ile dawa hatutakupa."

Wanaodhani nazungumza kwa sauti ya chini kwa sababu ya majonzi wamekosea. Binti wa Peninah amelala pale mapajani mwa mama yake, nami sitaki kumwamsha.

Basi, ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mama Winfred, shukrani zetu hazina mwisho. Naomba sote tusimame, na badala ya makofi, tumpungie mikono, kimya kimya.