Historia ya Prisca Mwakyoma na Mapipa ya Bluu

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Bondeni, ndaga fijo, asanteni sana, mimi ni Yohana, mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma, na sauti ikitetemeka mjue si kilio tu, ni woga pia.

Dada yetu Prisca Hezroni Mwakyoma alizaliwa tarehe 9 Juni 1989 huko Mwaya, mtoto wa pili wa Mzee Hezroni na mama Veronika, wakulima wa mpunga na kakao, akasoma shule ya msingi hapo hapo Mwaya, sekondari Kyela na baadaye Mbeya, na mwaka 2013 akahitimu shahada ya kwanza Dar es Salaam, akarudi anaongea haraka haraka hadi baba akamuuliza nani anamkimbiza.

Mwaka 2014 aliajiriwa na wakala mmoja wa forodha pale mpakani Kasumulu, na tarehe 12 Desemba 2015 alifunga ndoa na shemeji yetu Jackson, wakajaliwa watoto wawili, Nancy aliyezaliwa 2017 na Eliud aliyezaliwa 2020. Siku ya harusi mama alimpa pipa la bluu la kuhifadhia maji, kama akina mama wengi wa hapa wanavyowapa binti zao, limesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka linang'aa.

Oktoba 2022 alianza shahada ya uzamili ya usimamizi wa lojistiki ya kimataifa, na utafiti wake ulihusu mapipa ya kemikali za migodini yanayovuka mpaka, ambayo yakishakuwa matupu hutakiwa kurudishwa yalikotoka, lakini mengi hayarudi, naye akataka kujua yanaishia wapi. Februari 2024 aliyakuta yanauzwa sokoni kama mapipa ya maji, alama za kemikali zikiwa bado kitakoni, akaja nyumbani, akamwaga maji, akapindua pipa lake mwenyewe, akakuta alama zilezile. Shemeji anasema alikaa sakafuni palepale, watoto wakamcheka mama yao kwa kulowa.

Agosti 2024 alianza kuumwa figo, akatibiwa Kyela na kisha Mbeya, hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2025. Madaktari hawakutuambia kwamba ni pipa, wala hawakutuambia kwamba si pipa, na hapo ndipo usingizi wetu ulipoishia. Mama, usijilaumu, hata kwangu lipo, na wanangu wamelinywea tangu wazaliwe. Nancy na Eliud wameshatolewa damu, majibu hayajaja, na kila simu ikilia naogopa kuipokea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake wa forodha na wa chuoni, na ninyi majirani mlioleta kuni, mchele na maji. Yale mapipa mliyotuazima kwa upendo hatukuyatumia, yamepinduliwa nyuma ya nyumba, tunawasihi msiyachukue, na ambaye ameacha lingine nyumbani lina maji asimpe mtoto maji hayo leo, maana dada hakuomba jambo jingine pale kitandani.

Pumzika kwa amani, dada, na majibu ya wanao, yawe yoyote yale, tutakuja kukuambia hapa hapa.