Tuulikki Hakkarainen, Mhesabu wa Seli za Ubongo (1958–2024)

Marehemu Tuulikki Hakkarainen alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapa Maaninka, mtoto wa kwanza wa Eino na Lempi Rissanen. Mimi Ensio, ndugu yake wa pekee, nilimfuata baada ya miaka minne, na hakuacha kunikumbusha nani alitangulia.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, sekondari mjini Kuopio, na mwaka 1977 akaingia chuo kikuu kusomea biolojia. Baba alitaka awe mwalimu. Alimjibu, "Baba, watoto wa watu nitawapiga," yakaisha.

Kuanzia 1984 hadi alipostaafu 2021 alifanya kazi katika maabara ya ubongo. Mtu akipata kiharusi, mshipa huziba na sehemu ya ubongo hufa. Hapo seli za kinga za ubongo huamka na uvimbe huanza. Dada aliziita wafagiaji. Siku za mwanzo huondoa mizoga ya seli zilizokufa, na hilo ni jema. "Shida hawajui kuacha," alisema. "Wakimaliza taka, wanafagia na vyombo vya mwenye nyumba." Alitaka kujua wema huo unageuka siku ya ngapi. Alizihesabu kwa darubini, katika ubongo wa panya, kila kipande kikiwa na namba tu, maelezo yamezibwa kwa karatasi. Siku moja mkuu wake alibandua karatasi mbele yake achungulie. Dada alitupa hesabu ya wiki nzima akaanza upya. "Ukijua ni cha nani, utahesabu unachokitaka."

Mwaka 1986 aliolewa na Reijo Hakkarainen, dereva wa gari la kuondoa theluji, aliyefariki 2015. Hawakujaliwa watoto. Reijo alikula mikate ya samaki aliyoiunguza dada miaka ishirini na tisa bila kulalamika, mtu yule!

Jumatatu, tarehe 29 Januari 2024, alianguka jikoni. Kiharusi. Upande wa kushoto ulipooza. Alhamisi alianza kutamka tena, mdomo umepinda, tukafurahi mno. Akaniita.

"Ensio, nikifa, ubongo wangu uende maabara. Wa mtu aliyekufa wiki ya pili baada ya kiharusi hatupati kabisa. Wa kusaini ni wewe."

"Hufi, dada."

"Sijakuuliza hilo."

"Nikuzike nusu? Siwezi!"

"Mwoga we! Tangu utotoni unakimbizwa na mabata."

Nilivaa koti nikaenda zangu kwa hasira. Ijumaa uvimbe ulizidi, na hakusema tena. Kama ni seli zile zile zilizomgeuka, sijui, madaktari hawakutuambia. Alifariki Jumatano, tarehe 7 Februari, saa nne asubuhi, nimemshika mkono. Nilimwambia mengi pale kitandani, lakini la kusaini sikulisema, maana nilikuwa bado nimekataa.

Nimeulizwa mlangoni kama jeneza hili lina mwili kamili. Halina. Nilisaini saa tano. Sasa ubongo wake una namba, na atakayehesabu hatajua ni wa nani.

Ameacha mdogo wake Ensio, wifi yake Helvi, na wawili waliomwita shangazi, Tarmo na Vieno.

Dada, nimesaini. Nilichelewa saa moja, hukunisikia. Nisamehe, upumzike kwa amani.