Kasiva Aliyezuia Funguo

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni redio kidogo. Leo tunamkumbuka Kasiva, fundi wa magari, mzaliwa wa Kanyangi aliyeolewa Mbooni. Tulimzika Jumamosi. Na kuna mtu hajamaliza kumshukuru: Mwau, mkulima wa maparachichi.

Mwau alikuwa amenunua gari lililokwisha tumika. Kila alipokata kona polepole, usukani ulitetemeka mikononi mwake. Asubuhi moja alikuwa na mamake, Mama Nzisa, wakienda mji wa Wote, mama akapasuliwe macho. Nafasi hiyo walikuwa wameingoja sana. Mwau akapitia kwanza gereji ya Kasiva.

Kasiva akafungua boneti. Oili ya usukani ilikuwa imepungua, tena ina povu. Mpira unaoipitisha ulikuwa umelegea, unanyonya hewa. Akaukaza, akaongeza oili, akazungusha usukani huku na huku mpaka povu likaisha. Mtetemo ukapungua. Ulipungua, wasikilizaji, lakini haukuisha.

"Si sasa iko sawa?" Mwau akauliza.

"Bado. Imenyamaza tu kidogo."

"Fundi, hospitali haitatungoja!"

Kasiva akachomoa funguo, akazitia mfukoni mwa ovaroli. "Mwaitu, mama yetu, ataenda. Gari haiendi."

Mwau alipandwa na hasira. Kasiva hakubishana. Alimpigia simu mumewe, Kiema, aliyekuwa akipakia maharagwe sokoni. Kiema akashusha magunia, akaja na pikapu, akawapeleka mama na mwana Wote.

Huku nyuma Kasiva akajilaza chini ya gari, jirani akamtikisia usukani. Hapo akaona. Kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele kilikuwa kimelika, kimebaki kuning'inia. Kwenye miteremko ya Mbooni, kingechomoka wakati wowote.

Jioni Mwau akarudi, bado amenuna. Kasiva akamwekea kile kiungo kiganjani. Kikachezacheza huku na huku kama jino la mtoto. Mwau akakitikisa mwenyewe. Akamshika Kasiva mkono ule wenye grisi, asiuachie.

Bandeji zilipotolewa, Mama Nzisa alisema, "Nipelekeni kwa yule aliyetunyima funguo." Alipomwona, akapiga makofi. "Kumbe ni mfupi hivi!" Kasiva alicheka mpaka akaegemea gari.

Ugonjwa uliomchukua ulikuwa mfupi. Kiema alituambia, "Alikuwa mkaidi, hata mimi alinisumbua. Lakini watu walifika kwao salama."

Kwako Kiema, na kwa jamaa wote wa Kanyangi na Mbooni, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tuliobaki, tujiulize: nani aliwahi kutukatalia jambo, tukamkasirikia, kumbe anatuokoa? Kama yuko hai, mpigie leo. Mwau alisema asante kila alipopita pale gereji. Siku ya mazishi, anasema, aliona bado haijatosha.